Kuunda kundi la heshima la skauti shuleni (Dodoma): kura, usiku wa jaribio na kazi ya huduma

mlezi_chamwino

Habari za jioni wakuu,

Naomba msaada wa walezi wa skauti, hasa mlio huku mikoa ya kati. Shule yetu ni sekondari ya kutwa, iko Chamwino, skauti hai ni 34 katika patroli (vikundi vidogo) tano, wasichana na wavulana. Tunataka kuanzisha kundi dogo la heshima: vijana wachache wanaochaguliwa na wenzao kwa sababu wanaiishi Ahadi ya skauti, wapitie usiku mmoja wa jaribio na siku moja ya kazi, halafu wawe mhimili wa huduma pale shuleni na kijijini.

Mfano tunaoutazama ni Order of the Arrow ya skauti wa Marekani. Kwa asiyeifahamu, ilianza 1915 katika kambi ya Treasure Island, kwenye kisiwa cha mto Delaware. E. Urner Goodman alikuwa mkuu wa kambi na Carroll A. Edson msaidizi wake. Walitaka vijana waliong'ara kambini kwa utumishi waheshimiwe, na heshima hiyo itoke kwa vijana wenzao. Jaribio lao lina mambo manne: kulala peke yako, kunyamaza, kula kidogo, na kufanya kazi ya kujitolea siku nzima.

Ninapokwama ni hapa. Kwanza, walimu wenzangu wamegawanyika: wengine wanataka sisi tuteue kwa kuangalia nidhamu na matokeo ya darasani, wengine wanataka kura. Pili, huo usiku wa jaribio tuuendesheje pasipo kuwaumiza watoto wa watu? Tatu, kazi tuliyofikiria ni kupanda miche 200 mvua zikianza Desemba. Kundi la heshima litakuwa na vijana kama 10. Je, inawezekana?

---

patroli_ya_tai

Mkuu, kwenye swali la kwanza usiyumbe: ni kura. Mwalimu humwona kijana anapojua kwamba anaonekana. Aliyelala naye hema moja ndiye anayejua nani huamka kuwasha moto wa uji wenzake wakiwa wamejifunika, na nani huficha sabuni. Mkiteua nyinyi mtapata viranja kwa jina lingine, na hao shule inao tayari.

Ila kura ina utaratibu wake, na wengi hukosea kwenye hesabu.

Kabla ya kupiga kura, tengeneza orodha ya wanaostahili kupigiwa. Wamarekani wanadai kijana awe amefikia daraja la First Class, awe amelala kambini idadi fulani ya usiku ndani ya miaka miwili iliyopita ikiwemo kambi ndefu ya usiku 5 mfululizo, na kiongozi wa kundi amridhie. Nyinyi wekeni vigezo vya aina hiyo kwa kipimo chenu. Makundi mengi ya shule huku kwetu hupiga kambi mara chache kwa mwaka, kwa hiyo ukidai usiku mwingi mno utabaki na orodha tupu. Usiku 6 ndani ya miaka miwili unatosha kuonyesha tabia ya mtu. Ridhaa ya mlezi itolewe hapa, kabla ya kura. Mlezi akikata jina baada ya kura, vijana hawataiamini kura ya mwaka ujao.

Wanaopiga kura ni skauti wote hai, hata wa kidato cha kwanza ambao wenyewe bado hawastahili kuchaguliwa. Hili walimu hulipinga, nami nalitetea kwa nguvu zote: hao wadogo ndio wanaosaidiwa au kuonewa na wakubwa, kura yao ndiyo yenye habari nyingi kuliko zote. Watu wazima hawapigi kura kabisa.

Sasa hesabu. Akidi kwanza: angalau nusu ya skauti hai wawepo, kwenu ni 17. Chini ya hapo, ahirisha. Kila mmoja apewe karatasi moja na aandike majina ya wote anaoona wanafaa kutoka kwenye orodha: mmoja, watano, wote, au asiandike hata mmoja. Hii haifanani na kuchagua mwenyekiti, ambapo mtu ana jina moja tu. Karatasi zikirudi, kipimo ni nusu ya karatasi zilizorudishwa. Wakiwepo 28 na karatasi zikarudi 27, nusu ni 13 na nusu, kwa hiyo kijana anahitaji kuonekana kwenye karatasi 14. Karatasi tupu inahesabiwa pia, kwa sababu aliyeirudisha amesema hakuna anayemwona anafaa.

Makosa matatu hujirudia. La kwanza ni kugawanya kwa idadi ya kundi zima (34) badala ya karatasi zilizorudi. La pili ni kuchukua "kumi wa juu". Ukifanya hivyo umerudi kwenye mashindano. Wakifika nusu watatu, kundi lina watu watatu, na asipofika hata mmoja, mwaka huo hakuna. Kwa hiyo hata hiyo hesabu yako ya vijana 10 usiipange sasa. La tatu ni kusoma idadi ya kura hadharani. Kijana aliyepata 6 kati ya 27 akisikia hivyo mbele ya wenzake, skafu ataivua na hatarudi. Yatajwe majina ya waliopita tu, tena kwa alfabeti.

Wahesabuji wawe vijana wawili kutoka shule jirani yenye skauti, wakae chumba cha pembeni na mlezi mmoja akishuhudia, kisha karatasi zichanwe. Kule Marekani timu ya vijana wa Order of the Arrow yenyewe ndiyo huja kwenye kundi kuendesha uchaguzi. Na siku ya kura msikae kipatroli, changanyikeni, la sivyo patroli kubwa itabeba watu wake.

---

nesi_wa_kambi

Naongeza kwenye usiku wa jaribio, maana hapo ndipo nia njema inaweza kuleta madhara.

Mambo yote manne yanaweza kufanyika Dodoma, lakini kila moja lina mpaka wake.

Kulala peke yako. Msiwapeleke porini. Vijijini kwetu fisi hupita, na nge na nyoka wapo. Tumieni uwanja wa shule au eneo lenye uzio, lililofyekwa na kukaguliwa mchana. Kila kijana awe na sehemu yake, umbali wa mita 15 hivi kutoka kwa mwenzake, asiweze kuongea naye lakini filimbi isikike. Awe na turubai chini, mkeka, blanketi mbili, tochi na filimbi. Viatu avikung'ute kabla ya kuvaa asubuhi. Mkifanya Juni au Julai kumbukeni kuwa usiku wa Dodoma una baridi na upepo, blanketi moja haitoshi. Wasichana upande mmoja, wavulana upande mwingine, na watu wazima wasiopungua wawili, angalau mmoja awe mwanamke, wakeshe kwa zamu. Mtu mzima asimfuate kijana mahali alipo akiwa peke yake, waende wawili. Akibaki macho kwa hofu, aruhusiwe kusogea karibu na moto wa walinzi, na asiandikwe kuwa ameshindwa.

Kula kidogo si kufunga. Jioni kikombe cha uji na kiazi kitamu, asubuhi uji tena, mchana kipande cha muhogo au mkate na ndizi. Wanaofanya kazi ya jembe kwenye jua hawawezi kwenda na tumbo tupu, ataanguka mtu. Maji hayapunguzwi hata kidogo: lita 3 kwa kila mmoja kwa siku ya kazi ndiyo kiwango cha chini, na kiongozi apulize filimbi kila dakika 20 wote wanywe, kwa sababu kijana aliyeamriwa kunyamaza hataomba maji. Wekeni pakiti za ORS kwenye sanduku la huduma ya kwanza. Msipange wakati wa Ramadhani wala siku za mfungo wa Wakristo walio kwenye kundi.

Kabla ya yote, fomu ya mzazi yenye maswali ya afya: selimundu, pumu, kifafa, kisukari, mzio. Selimundu naitaja ya kwanza makusudi. Baridi ya usiku, kiu na kazi nzito ndivyo hasa vinavyoamsha maumivu kwa mgonjwa wa selimundu, na jaribio hili lina vyote vitatu. Kijana huyo asiachwe nje ya kundi. Alale darasani, afanye kazi ya kivulini kama kuandika daftari la kazi na kusimamia vifaa, anywe maji mara kwa mara. Heshima yake iwe ileile.

Kunyamaza kuna msamaha mmoja: panapo hatari au maumivu, mtu aseme. Waambieni hivyo wazi kabla ya kuanza, tena mara mbili.

Na hakuna siri. Hata Order of the Arrow, pamoja na sherehe zake, mzazi akitaka kujua kinachofanyika anaelezwa. Kundi la watoto lenye kiapo ambacho mzazi hapaswi kujua ni mlango wa uonevu. Mwandikieni mkuu wa shule ratiba ya saa kwa saa, wazazi wapate nakala, na Kamishna wa Skauti wa Wilaya ajue kabla. Vijana wapewe pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

---

mlezi_chamwino

Nashukuru sana, ndugu zangu. Kura nimeelewa, na hiyo ya selimundu hatukuwa tumeifikiria kabisa. Swali dogo: mavazi na sherehe. Kuna anayependekeza tushone mavazi kama ya kwenye picha za Wamarekani, yale ya manyoya. Na bado nasubiri jibu la miche 200.

---

tuta_na_kisiki

Mavazi ya manyoya achaneni nayo. Yale ni ya wenyeji asilia wa Marekani. Walioanzisha Order of the Arrow waliazima maneno na sura kutoka kwa Walenape, mojawapo ya makabila hayo, na huko kwenyewe yamekuwa na mjadala mrefu. Skafu, moto, Ahadi ikisomwa polepole, kisha ugali wa uwele na mlenda kwa wote kumaliza jaribio. Inatosha.

Sasa miche. Mkuu, piga hesabu nami kabla ya kuagiza kitaluni.

Shimo linalofaa kwa udongo wa Dodoma ni sentimita 60 kwa 60 kwa 60, kwa sababu chini ya udongo wa juu mara nyingi kuna tabaka gumu, na mzizi usipolipita mche husimama mwezi mmoja halafu unakufa. Shimo moja ni zaidi ya lita 200 za udongo. Mashimo 200 ni mita za ujazo 43. Vijana 10 hawachimbi hiyo kwa siku moja.

Halafu maji. Mche mchanga wakati wa kiangazi unataka lita 10 mara mbili kwa wiki. Miche 200 ni lita 4,000 kwa wiki, yaani madumu 200 ya lita 20, kila kijana madumu 20. Mvua zetu zinaisha Aprili na hazirudi mpaka mwisho wa Novemba au Desemba. Hiyo ni miezi saba ya kubeba madumu, na katikati yake kuna likizo ya Juni wakati shule ya kutwa haina mtu. Miche mingi inayopandwa kwa shangwe mkoani hapa inakufa hapo, baada ya kamera kuondoka. Naumia kila ninapoiona ile mistari ya vijiti vikavu.

Pendekezo langu: miche 20 na visiki 60.

Visiki kwanza, maana ndiyo kazi inayofaa zaidi kwa siku ya jaribio. Huku kwetu inajulikana kama Kisiki Hai. Ardhi inayoonekana tupu ina visiki vya migunga na mikwaju vyenye mizizi hai chini. Kila mwaka vinachipua, mbuzi wanakula, vinabaki kichaka. Mzizi tayari umefika kwenye unyevu, kwa hiyo humwagilii hata kikombe. Hatua zake ni hizi: chagua kisiki chenye machipukizi mengi; bakiza machipukizi 3 hadi 5 yaliyonyooka na yenye afya, mengine yakate karibu kabisa na kisiki; yaliyobaki yapogoe matawi ya pembeni kuanzia chini mpaka nusu ya urefu wake, usizidishe hapo kwa sababu majani ndiyo yanayoulisha mti; funga kitambaa cha rangi ili mchungaji na mkata kuni wajue kisiki kina mwenyewe; kisha yale matawi ya miiba uliyokata yazungushie kisiki kuzuia mbuzi. Baada ya miezi mitatu rudi, kata machipukizi mapya yaliyojitokeza chini.

Kinachoharibika hapo ni mkato. Panga butu linachana gome, na gome likichanika kuelekea chini wadudu wanaingia. Noeni mapanga siku moja kabla. Kateni kutoka chini kwenda juu, kwa mkato mmoja. Vijana wafanye kazi wawili wawili, mmoja akishika tawi kwa mbali na mwingine akikata, na jozi moja iwe mita 5 kutoka kwa nyingine. Kisiki kimoja kinamchukua anayeanza dakika 15 hadi 20. Jozi tano, asubuhi kuanzia saa 1 mpaka saa 5 kabla jua halijawa kali, mtafika 60 bila kukimbizana. Kazi hii hufaa kiangazi, kwa hiyo jaribio lenu linaweza kuwa Septemba badala ya Desemba. Ombeni kibali kwa serikali ya kijiji na kwa mwenye shamba, kwa maandishi.

Miche 20 iwe ya uwanja wa shule, mahali pa kivuli. Mashimo yachimbwe Oktoba, udongo wa juu uwekwe kando na udongo wa chini kando. Mvua ya kwanza nzito ikishalowesha, rudisha udongo wa juu ukiwa umechanganywa na debe moja la samadi iliyooza vizuri; samadi mbichi huunguza mizizi na kuita mchwa. Toa mfuko wa nailoni wote. Hili linasahaulika kila mwaka, na mzizi unajizungusha ndani ya mfuko mpaka unajinyonga. Shingo ya mche iwe usawa wa ardhi, na mche ukae chini kidogo kwenye beseni ili maji yasikimbie.

Kama uwanja una mteremko, chimbeni nusu mwezi kuzunguka kila mche: nusu duara yenye upana wa mita 2 hadi 3, mdomo ukitazama juu maji yanakotoka, udongo ukirundikwa upande wa chini. Ncha mbili za nusu mwezi lazima ziwe usawa mmoja, la sivyo maji yatavunja upande wa chini kwa mvua moja. Kupima usawa huo vijana watengeneze fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, mmoja wa kukatisha katikati, na uzi wenye jiwe ukining'inia kutoka kileleni. Mafundo ya skauti yanapata kazi ya kweli hapo. Simamisha fremu, weka alama uzi unapogusa mti wa katikati, igeuze miguu ibadilishane mahali, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndiyo usawa. Fremu ikilegea kamba, alama inakuwa ya uongo, kwa hiyo ipimeni upya kila asubuhi.

Vijana wa mkoa huu wajue pia kwamba ardhi hii ina historia. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na 1979 mifugo iliondolewa kabisa kwenye eneo la Kondoa lililomomonyoka vibaya. Waliokuwa na umri wa skauti wakati huo wapo, wanaweza kualikwa kueleza makorongo yalivyokuwa. Hiyo ni saa moja nzuri sana kambini.

---

patroli_ya_tai

Nakubaliana na mwenzangu karibu kote, ila Septemba kwa kidato cha nne ni kuwabebesha. Mtihani wao wa taifa ni Novemba. Wale waliochaguliwa kutoka kidato cha nne wafanye jaribio likizo ya Juni, pamoja na wengine. Kisiki Hai Juni kunawezekana pia.

Na hilo linagusa uongozi. Kule Order of the Arrow wenye vyeo ni vijana walio chini ya miaka 21, kuanzia ngazi ya chini mpaka ya taifa. Watu wazima ni washauri. Nanyi fanyeni hivyo, ila mwenyekiti msimchukue kidato cha nne, ataondoka miti ikiwa haijashika. Chukueni wa kidato cha pili mwishoni mwa mwaka au cha tatu. Mnahitaji mwenyekiti, katibu anayeshika daftari la kila mti, na mtunza vifaa. Fedha ziingizwe kwenye hesabu za shule, mlezi na katibu wasaini pamoja. Mlezi kazi yake kubwa ni kujizuia: mwenyekiti akisahau kupanga zamu ya maji, mlezi asiipange yeye. Amuulize tu, "Zamu ya wiki hii iko wapi?" kisha asubiri.

---

mlezi_chamwino

Basi tunahamia Juni, kura wiki ya pili ya Mei. Miche 20 nimeshusha. Kwa hesabu hiyo ni madumu 20 kwa wiki, wakipatikana vijana 10 ni mawili kwa kila mmoja, linabebeka. Lakini likizo ya Desemba miche ikishapandwa, na ile ya Juni inayofuata, nani abebe?

---

tuta_na_kisiki

Desemba mvua itasaidia, ila ikikatika zaidi ya siku 10 mtu aende. Juni ndiyo ngumu. Gawanyeni kwa makazi badala ya patroli: katibu aorodheshe nani anakaa umbali wa kutembea kutoka shuleni, hao wapewe wiki mbili mbili, watatu kwa zamu, na mlinzi wa shule awe na jina la kila zamu. Mbali na hapo tafuteni chupa za plastiki za lita moja na nusu, toboeni kifuniko kwa sindano, mzifukie kichwa chini kando ya mche zikiwa zimekatwa kitako. Mkijaza chupa mbili kwa mche, maji hupenya taratibu kwenye mizizi, na machache tu hupotea kwa jua. Jaribuni tundu kwanza: chupa ikiisha ndani ya saa moja tundu ni kubwa, badilisheni kifuniko.